Kuusoma Uso wa Bwana

Soma kwa Ajili ya Somo Hili: Isaya 53:2-4, Marko 3:1-5, 2 Wafalme 18:4, Mwanzo 40:6-8, Nehemia 2:1-4, 1 Samweli 1:9-18, Yohana 20:24-29.

Katika nyumba nyingi za waumini wa kanda yetu, kuanzia Mhunze hadi Geita, utakuta picha ya Yesu ukutani. Pengine ni ukurasa wa kalenda ambayo mwaka wake ulikwisha zamani, lakini hakuna aliyekuwa tayari kuitupa. Pengine ni mchoro wa penseli uliochorwa na kijana wa kanisani kwa ajili ya darasa la watoto. Mgeni huutazama uso ule hata kabla ya kukaribishwa kiti, na mara huwa na neno la kusema: ana huzuni, ni mpole, anaonekana kama anakemea.

Neno hilo husemwa kwa wepesi, lakini lina swali zito ndani yake. Tunaposema kwamba uso uliochorwa una huzuni, ni nani aliyetuambia? Ni Bwana mwenyewe, ni mchoraji, au ni moyo wetu? Na tukizoea kusoma nyuso bila kujiuliza hivyo, je, tabia hiyo itabaki kwenye karatasi, au itatufuata hadi kwenye nyuso za majirani zetu?

Mchoro Mmoja, Mioyo Mingi

Hebu tufikiri juu ya darasa la watoto mjini Mhunze, Sabato asubuhi. Mwalimu anainua mchoro wa penseli. Yesu ameketi, kichwa kimeinama kidogo, macho yanatazama chini, midomo imefungwa. Mwalimu anauliza, "Bwana yuko katika hali gani hapa?" Mtoto wa kwanza anajibu, "Anaomba, mwalimu." Wa pili, ambaye kwao wametoka msibani juma lililopita, anasema, "Analia." Wa tatu anasema, "Amechoka, ametembea mbali juani." Wa nne anasema kwa sauti ya chini, "Amekasirika. Hataki kutuangalia."

Mistari ya penseli ni ileile kwa watoto wote wanne. Kichwa kilichoinama chaweza kuwa cha sala, cha kilio, cha uchovu au cha hasira. Mchoro husimamisha dakika moja tu. Hauna sauti, hauonyeshi kilichotangulia wala kitakachofuata. Penye pengo, mtazamaji hujaza kwa kile alicho nacho.

Mwalimu mwema hatawaambia watatu kati yao kwamba wamekosa. Kila jibu limemfunulia jambo. Jibu la mtoto wa nne linahitaji kusikilizwa kuliko yote, kwa maana huenda linahusu mchoro, na huenda linahusu nyumbani kwao. Lakini hata hapo mwalimu asikimbilie kuhitimisha. Na amwite mtoto huyo kando baada ya darasa, amwulize kwa upole.

Jambo hili si la watoto peke yao. Mwaka 1924 mchoraji Warner Sallman wa Chicago alichora kwa mkaa kichwa cha Kristo kwa ajili ya jalada la jarida la kanisa lake. Mwaka 1940 alikichora upya kwa rangi za mafuta, na picha hiyo ikachapishwa nakala zaidi ya milioni 500. Wengi wetu tumeiona bila kulijua jina la mchoraji: nywele ndefu hadi mabegani, uso umegeuka upande, macho yanatazama mbali, mwanga umeangukia paji la uso. Baadhi ya watu walisifu upole wake. Wengine waliona ndani yake nguvu na ushujaa. Wengine walilalamika kwamba Kristo huyo ni dhaifu mno. Tena wapo waliodai kuona kikombe cha Meza ya Bwana kwenye panja, na mkate wa mviringo kwenye paji la uso. Mtafiti David Morgan alikusanya mamia ya barua za watu waliomweleza jinsi walivyoiona picha hiyo, na maelezo yao hayakufanana.

Ikiwa uso mmoja umeonekana dhaifu na hodari kwa watu wanaosoma Biblia ileile, basi picha hiyo inatufundisha nini juu ya Kristo, na inatufundisha nini juu yetu sisi wenyewe?

Ishara Iliyowekwa na Ishara Iliyodhaniwa

Hatusemi kwamba mchoro hauna maana mpaka mtazamaji aitie. Zipo ishara ambazo mchoraji ameziweka kwa makusudi, nasi twaweza kuzijua kwa sababu zina chimbuko. Mwingereza William Holman Hunt, kati ya mwaka 1851 na 1853, alimchora Kristo amesimama mlangoni usiku, taa mkononi, akibisha hodi. Magugu yameota mbele ya mlango, kwa maana haujafunguliwa siku nyingi. Mlango wenyewe hauna kitasa kwa nje. Mtu anayeujua ujumbe kwa kanisa la Laodikia katika Ufunuo 3:20 ataelewa: Yeye abishaye hatavunja mlango, aliye ndani ndiye anayepaswa kufungua.

Hata hivyo, picha hiyo ilipoonyeshwa London mwaka 1854, watazamaji wengi hawakuielewa. Ilimbidi mwandishi John Ruskin aandike barua katika gazeti la The Times ili kueleza maana ya taa, magugu na mlango. Mji ule ulikuwa na makanisa mengi na watu wengi waliojua kusoma, na bado ishara zilihitaji maneno.

Sisi wa Usukumani tunalijua hili. Katika kanisa la Bujora, pale Kisesa karibu na Mwanza, Padre David Clement alitumia alama za enzi ya watemi wa Kisukuma ili kumtangaza Kristo kuwa Mfalme. Aliyekulia karibu na ngoma za watemi huelewa upesi. Mgeni kutoka mbali huona ngoma tu, mpaka apate mtu wa kumweleza.

Ishara, basi, hupata maana yake kutoka kwenye neno linalofuatana nayo. Neno likiondoka, ishara yaweza kugeuka hatari. Katika Hesabu 21:8, 9, Mungu aliagiza nyoka wa shaba ainuliwe, na pamoja naye akatoa ahadi. Miaka mingi baadaye ahadi ilikuwa imesahauliwa, shaba ikabaki, watu wakawa wanaifukizia uvumba, hata Hezekia akaivunja (2 Wafalme 18:4). Shaba ilikuwa ileile ya siku za Musa. Kilichopotea ni neno. Hapa ndipo amri ya pili inapotulinda (Kutoka 20:4, 5). Tunatumia picha kufundishia, wala hatuzisujudii. Lakini picha ikianza kupewa mamlaka ya kutuambia Kristo ni nani, pasipo Neno lake, imekwisha kuiacha kazi yake ya kufundishia.

Uso Ambao Injili Hazikuuchora

Mathayo, Marko, Luka na Yohana hawakutuambia kimo cha Bwana, rangi ya macho yake wala namna ya nywele zake. Lakini hawakunyamaza juu ya moyo wake. Twaambiwa alilia kaburini kwa Lazaro (Yohana 11:35), alishangilia wale sabini waliporudi (Luka 10:21), alimtazama yule tajiri akampenda (Marko 10:21). Mara nyingi hali ya moyo wake hutajwa pamoja na tukio lililoileta.

Soma Marko 3:1-5. Ni mambo gani mawili yaliyokuwa ndani ya mtazamo mmoja wa Yesu?

Ilikuwa Sabato, katika sinagogi. Yesu aliwatazama waliokuwa wakimvizia, na Marko anasema mtazamo ule ulikuwa na hasira, na papo hapo ulikuwa na huzuni kwa ugumu wa mioyo yao. Ni penseli gani iwezayo kuchora hayo mawili katika jicho moja? Mtu aliyekuwa pembeni akaona macho tu, angeweza kwenda nyumbani akisimulia kwamba mwalimu wa Nazareti ana chuki. Marko anatuonyesha zaidi ya macho. Anatuonyesha huzuni iliyokuwa ndani, na mkono uliopooza uliorudishwa ukawa mzima dakika ileile.

Soma Isaya 53:2-4. Watu waliomtazama Mtumishi wa Bwana waliona nini, nao walihitimisha nini?

Nabii anasema hakuwa na uzuri wa kuwavuta watu. Alikuwa mtu wa huzuni, na watu waligeuza nyuso zao wasimtazame. Hadi hapo macho yao yalikuwa yameona sawasawa, kwa kuwa huzuni ilikuwapo kweli. Kosa lilikuja katika hatua iliyofuata. Walihesabu kwamba mtu huyu anapigwa na Mungu kwa makosa yake. Waliona huzuni ya kweli, wakaipa sababu ya uongo. Sababu yenyewe ilikuwa sisi: huzuni aliyoibeba ilikuwa yetu.

Tulikumbuke hilo kila tunapotaka kusema kwa haraka maana ya uso fulani. Uso uliosomwa vibaya kuliko wote ulikuwa uso wa Kristo, na wengi wa waliousoma vibaya walikuwa watu wa dini.

Gharama Tunayoijua

Mkoa wetu hauhitaji kufundishwa kwa mifano ya mbali. Kwa miaka mingi, Shinyanga na mikoa jirani ya Kanda ya Ziwa imeona wanawake wazee wakishutumiwa uchawi na kuuawa kwa mapanga, na mara nyingi ushahidi uliotajwa ulikuwa macho mekundu. Ni kweli, macho yalikuwa mekundu. Lakini tuulize sababu. Katika nchi ambako kuni ni haba, mama hupikia mabua ya pamba na samadi kavu ya ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha, tangu akiwa binti hadi awe bibi. Moshi huo huingia machoni kila siku. Wekundu ule ulipaswa kusomwa kuwa kumbukumbu ya uji na ugali aliowapikia watoto na wajukuu. Ukasomwa kuwa alama ya mauti, na wakati mwingine waliousoma hivyo walikuwa wamekula katika chungu chake.

Vivyo hivyo imekuwa kwa ndugu zetu wenye ualbino. Ngozi yao ni hali ya kurithi kutoka kwa baba na mama. Waganga wapiga ramli waliitangaza kuwa alama ya bahati kwa wachimbaji wa madini na wavuvi, na watu wakauawa na kukatwa viungo. Septemba 2009 mahakama mjini Kahama iliwahukumu watu 3 kwa kumuua mvulana wa miaka 14. Watoto wengi walilazimika kuacha makwao wakahifadhiwa katika kituo cha Buhangija, Shinyanga. Mpiga ramli huuza bidhaa moja: anadai kuijua maana ya ishara bila kumwuliza mwenye ishara.

Katika wilaya hii ya Kishapu, pale Mwadui, almasi imechimbwa tangu miaka ya 1940. Hakuna anayenunua jiwe kwa kulitupia jicho mara moja. Hupimwa uzito, hugeuzwa pande zote, hutazamwa kwa lenzi. Mchimbaji mdogo wa Geita naye hatangazi kwamba mwamba una dhahabu mpaka ausage na kuuosha. Jiwe limepewa subira ambayo bibi kizee hakupewa.

Mtu anaweza kusema, "Mchoro ni mchoro, na mauaji ni mauaji, mambo haya hayalingani." Ni kweli, hayalingani kwa uzito. Lakini njia iendayo huko ni moja. Macho yanaona, moyo unaongeza, kinywa kinatangaza kilichoongezwa kana kwamba kimeonekana. Mtoto anayejifunza kuzitenganisha hatua hizo mbele ya karatasi, ambako kosa lake halimdhuru mtu, atakuwa na zoezi hilo moyoni siku atakapousimamia uso wenye uhai.

Rangi ya ngozi katika picha nayo iangaliwe hivyo. Kristo wa Sallman ana sura ya mtu wa Ulaya ya Kaskazini, ingawa Bwana wetu alizaliwa Myahudi wa Mashariki. Mchoraji alimchora kwa sura za watu aliowajua, na wachoraji wa kila nchi wamefanya hivyo. Lakini mtoto asiposikia maelezo yoyote, anaweza kudhani kwamba rangi ile ni sehemu ya utakatifu, kisha akaitazama ngozi yake mwenyewe, au ya jirani yake mwenye ualbino, akatafuta ndani yake maana ambayo Mungu hakuiweka.

Kuona, Kisha Kuuliza

Je, basi, tuache kabisa kusoma nyuso? Biblia haitufundishi hivyo.

Soma Mwanzo 40:6-8, Nehemia 2:1-4, na 1 Samweli 1:9-18. Yusufu, Artashasta na Eli waliona nini, na kila mmoja alifanya nini baada ya kuona?

Yusufu alikuwa mfungwa mwenye huzuni zake mwenyewe. Asubuhi moja aliziona nyuso za wafungwa wenzake wawili zimekunjamana, akawauliza sababu. Artashasta alikuwa mfalme wa Uajemi, asiyehesabiwa katika watu wa agano. Aliuona uso wa mnyweshaji wake umebadilika, akamwuliza ana nini. Nehemia aliogopa sana, lakini swali lile lilimfungulia mlango wa kusema, na mwisho wake kuta za Yerusalemu zilijengwa upya.

Eli alikuwa kuhani, mzee, ameketi penye nyumba ya Bwana. Aliiona midomo ya Hana ikitikisika bila sauti, akamwambia kwamba amelewa. Midomo ilikuwa inatikisika kweli. Sababu aliyoipa ilikuwa ya uongo, na aliitupa juu ya mwanamke aliyekuwa akimmiminia Mungu uchungu wa nafsi yake. Hana alimjibu kwa heshima, akimwita bwana wangu, na kumweleza. Kwa sifa yake, Eli alikubali kusahihishwa; akambariki, naye akaenda zake na uso usio na huzuni tena.

Wote watatu waliona vizuri. Mfungwa na mfalme wa mataifa walimwachia mwenye uso aseme mwenyewe. Kuhani alisema kwa niaba yake. Upendo hauoni haya kukiri kwamba haujui, na kwa hiyo huuliza.

Mchoraji Harry Anderson, mwamini wa kanisa letu, alichora mwaka 1945 picha ambayo jina lake ni swali la mtoto: mkono wako umepatwa na nini? Bwana yuko pamoja na watoto waliovaa mavazi ya siku hizo, na mtoto wa kike anautazama mkono wenye kovu. Mtoto huyo hakusema kwamba Bwana ni mtu aliyeadhibiwa, wala hakukisia. Aliona kovu, akauliza. Hivyo ndivyo Bwana alivyomtendea Tomaso pia (Yohana 20:24-29). Hakumwonyesha alama za misumari kwa ukimya. Alisema naye, akamwalika aguse. Kovu lisilo na neno lingeweza kuwa alama ya mhalifu, maana wahalifu nao walisulibishwa. Kwa neno lake, Tomaso alijua ni la nani, akakiri.

Darasani na Mtaani

Mwalimu wa watoto, mzazi na kiongozi wa darasa la watu wazima wanaweza kutumia maswali matatu kila mchoro wa Bwana unapowekwa mbele ya watu.

La kwanza: Ninaona nini? Hapa yatajwe yale tu yaliyo kwenye karatasi. Kichwa kimeinama. Mkono umenyooshwa. Kuna kivuli upande wa kushoto.

La pili: Neno linasema nini? Je, tukio hili limo katika Maandiko? Ni fungu gani? Kama ni Gethsemane, twajua huzuni ile na sababu yake. Kama hakuna fungu, tukubali kwamba hatujui, na tusimpe mtoto kisio chetu kana kwamba ni ushuhuda.

La tatu: Mimi nimeongeza nini? Swali hili lisiulizwe kwa kuaibishana. Mjane anayeona machozi pale ambapo wengine wanaona amani hajatenda dhambi. Ametuonyesha mahali anapoumia. Kanisa likisikiliza vizuri, litajua ni nyumba gani ya kutembelea alasiri hiyo.

Kisha maswali hayohayo yatoke nje ya darasa. Jirani amepita bila kusalimia. Ninaona nini? Amepita kimya. Amesema nini? Bado hajasema lolote. Nimeongeza nini? Kwamba ananichukia, kwamba anajivuna, kwamba amenifanyia jambo usiku. Kati ya kile nilichoona na kile nilichoongeza kuna nafasi ya kwenda mlangoni kwake, kupiga hodi na kusema, "Mama, habari za tangu jana? Nimekuona umepita, nikasema nije nikujulie hali."

Mtume Paulo anatuambia kwamba kwa sasa tunaona kwa namna isiyo dhahiri, na kwamba siku inakuja tutakapoona uso kwa uso (1 Wakorintho 13:12). Yohana naye anaahidi kwamba watumishi wa Mungu watauona uso wake (Ufunuo 22:4). Siku hiyo hapatakuwa na mchoro wa kufasiri. Mpaka ifike, tunazo Injili zinazotueleza moyo wake, na tunao majirani ambao twaweza kuwauliza.

Maswali ya Kujadili

1. Leteni darasani picha moja ya Yesu. Kila mmoja aandike neno moja juu ya hali ya uso wake kabla ya kusikia la mwenzake. Majibu yanatofautiana wapi, na kwa nini?

2. Katika Isaya 53:4 watu waliona kweli, wakahitimisha uongo. Ni wapi katika mtaa wenu jambo hilo linatendeka leo kwa wazee, kwa watu wenye ualbino, au kwa wagonjwa?

3. Hana alimjibu Eli kwa heshima ingawa alikuwa amedhulumiwa kwa neno. Je, ni jukumu la anayedhaniwa vibaya kujieleza kila mara? Kanisa lina wajibu gani wa kusema kwa ajili ya asiyeweza kujieleza?

4. Je, kuna mtu ambaye umekwisha kuusoma uso wake na kumhukumu bila kumwuliza? Ni hatua gani unayoweza kuchukua kabla ya Sabato ijayo?